Chati inasema 20, mimi nilihesabu 12

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 21, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi na ukunga. Chuo na hospitali sitavitaja, naomba unielewe. Tuko mazoezini wodi ya wazazi kwenye hospitali moja ya mkoa, na jambo lililonikosesha raha lilitokea zamu ya usiku. Wodini kulikuwa na kina mama zaidi ya thelathini, wengine wawili wawili kitanda kimoja. Sista alikuwa mmoja, mhudumu mmoja na sisi wanafunzi wawili.

Kitanda cha dirishani alilala mama aliyejifungua mchana wake. Aliletwa na presha ya juu, akapata degedege moja kabla ya kujifungua, akaanzishiwa magneziamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Saa kumi alfajiri ilikuwa zamu ya dozi nyingine, ile ya gramu 5 ya tako. Sista akaniambia niandae trei. Nikafungua chati kwanza. Upande wa upumuaji saa nne usiku imeandikwa 20, saa sita 20, saa nane pako wazi. Nikatupa jicho chati za vitanda vya jirani. 20, 20, 18, 20, 20. Karibu wodi nzima inapumua sawa.

Nikaenda kwa mama. Nikamshika mkono kama ninayehesabu mapigo, macho nikayaweka kifuani kwake, dakika nzima kwa saa yangu ya mshale. Kumi na mbili. Nikarudia, 12 tena. Nikamgonga goti, mguu haukutikisika. Mfuko wa mkojo ulimwagwa saa sita, na kwa saa nne zote hizo ulikuwa na mililita kama 80 tu. Ukimwita anafumbua macho, anajibu kwa ulimi mzito, anarudi kulala. Darasani tulifundishwa kwamba kabla ya kila dozi upumuaji usiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liitike, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa kwa zile saa nne zilizotangulia. Kwa mama huyu hakuna hata kimoja kilichokubali.

Nilimkimbilia sista. Alikuja palepale, akahesabu mwenyewe, sindano akaiweka kando, akampigia daktari. Dozi ikasitishwa, mama akawekewa oksijeni, kalisiamu glukoneti, dawa ya kupunguza makali ya magneziamu, ikaandaliwa karibu na kitanda endapo pumzi ingezidi kushuka, na mimi nikaachwa pale nihesabu kila baada ya dakika 15. Kulipopambazuka alifika 16 na goti likaanza kuitika. Baadaye alitoka hospitali na mtoto wake, wote wazima.

Asubuhi ile sista alinivuta stoo ya dawa. Akasema, "Umefanya kazi nzuri, mdogo wangu. Sasa pale kwenye saa nane weka 18, ionekane ilikuwa inashuka taratibu. Na haya ya usiku yabaki humuhumu." Sikuandika, ila kumkatalia pia sikuweza. Mwenzangu akaniita, zamu ikaisha hivyo. Sijui kama kuna aliyejaza.

Shangazi, sista huyo ndiye anayetia sahihi kitabu changu cha mazoezi, na nitarudi wodini kwake tena. Wala si mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu pumzi huku nimeshika mkono, ili mgonjwa asijue anaangaliwa akabadilisha anavyopumua. Usiku ule hakukaa. Kila mara anaitwa chumba cha kujifungulia kusaidia. Mwenzangu ninayeishi naye anasema nikifungua mdomo nitaitwa mnoko na hakuna wodi itakayonipokea. Mama yangu kwenye simu kasema, "Baba yako kauza ng'ombe uende shule. Maliza kwanza, mengine utayasema ukiwa na cheti." Na kweli, hakuna aliyedhurika. Lakini nikifumba macho naziona zile 20. Niseme? Nikisema, nimwambie nani? Au ninyamaze?

Nisiyelala, Kanda ya Ziwa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma kwa utulivu, kwa sababu wodi unayoisimulia naijua. Nimefanya kazi katika wodi za namna hiyo na nimefundisha wasichana na wavulana wengi wa umri wako. Kabla ya lolote, pokea pongezi. Uliambiwa andaa trei, ukaenda kumtazama mgonjwa. Ulimhesabia dakika nzima, ukarudia, ukagonga goti, ukaangalia mkojo, na ulipoona mambo hayaendi ukaita mkubwa wako bila kusubiri. Hatua zote hizo zimo kwenye madaftari ya kila mwanafunzi, lakini kuzifuata saa kumi alfajiri, sista kachoka na wewe una usingizi, kunataka moyo.

Unauliza useme au unyamaze. Mimi naona humo ndani mna mambo matatu yaliyosukwa pamoja, na pengine ndiyo maana usingizi haupatikani. Kuna ile nafasi ya saa nane iliyoachwa wazi. Kuna desturi ya wodi nzima kuandikiwa 20. Halafu kuna wewe na sista wako. Ukiyachukua yote kwa mkupuo mmoja yatakuelemea. Tuyafumue.

Nianze na dawa yenyewe, nisije nikakuacha ukiiogopa. Magneziamu salfeti imeokoa kina mama wengi mno. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 wenye presha ya mimba katika nchi 33, ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifafa cha mimba, yaani degedege kama la mama huyo, kwa zaidi ya nusu. Ni dawa nzuri, ila lazima awepo mtu wa kuhesabu. Inatoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo mkojo ukipungua dawa inabaki ndani na kila dozi inarundikana juu ya iliyotangulia. Hospitali zetu nyingi haziwezi kupima kiwango chake kwenye damu usiku wa manane. Kipimo tulicho nacho ni goti, kifua na mfuko wa mkojo. Goti hunyamaza mapema, pumzi hufuata, na pumzi zikisimama moyo nao hauko mbali. Wewe ulimkuta mama goti limeshanyamaza na pumzi zimeanza kushuka. Gramu 5 nyingine juu ya hapo zingemfikisha wapi, unajua mwenyewe.

Ndiyo maana sentensi yako ya "hakuna aliyedhurika" naomba uitazame tena. Ni kweli mama alikwenda nyumbani mzima. Lakini kilichomwokoa ni kwamba hukuiamini chati. Je, angekuwepo mwanafunzi mwingine, mtiifu kuliko wewe, aliyesoma 20 na 20 akaona mambo shwari? Namba iliyoandikwa bila kupimwa ni hatari kuliko nafasi iliyo wazi, maana nafasi iliyo wazi humfanya anayekuja aende kitandani, na namba humwambia asiende.

Kwa nini 20? Kwa sababu mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na 20 haimshtui mtu. Presha ina mashine, joto lina kipimajoto, mapigo siku hizi yanasomwa kwenye kifaa cha kidoleni. Pumzi hazina mashine wodini kwenu, zinataka mtu asimame dakika nzima akitazama kifua. Ndiyo maana ndizo za kwanza kurukwa tukizidiwa, ilhali ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kubadilika mgonjwa anapoanza kuharibikiwa. Na ona jinsi namba ilivyo na mambo yake: 12 ya mtu mwingine aliyelala fofofo isingekusumbua, lakini kwa mama aliye kwenye dawa hii 12 ni kengele. Anayeandika 20 kwa mazoea amefuta tofauti hiyo yote.

Sasa sista. Unasema si mtu mbaya, nami nakuamini. Hebu tupige hesabu pamoja. Kina mama 30, kila mmoja dakika 5 za kupima presha, joto, mapigo na pumzi, kumtazama anavyotokwa na damu na kuandika. Ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu kwa mzunguko mmoja, bila kuitwa popote, bila kubadilisha dripu hata moja. Anayetakiwa kupima kila baada ya saa mbili atakuwa hajamaliza mzunguko wa kwanza wakati wa pili umeshaanza. Sista wako alipewa kazi isiyowezekana, akaifanya ionekane imewezekana. Mwaka 1999 ilitoka ripoti mashuhuri huko Marekani iliyokadiria kwamba wagonjwa kati ya 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka hospitalini kwa makosa ya kitabibu. Waandishi wake hawakusema nchi ile imejaa wauguzi na madaktari wabaya. Walisema makosa mengi huzaliwa na namna kazi ilivyopangwa, na kwamba ukimfukuza mtu ukaacha mpangilio uleule, kosa litamsubiri atakayefuata.

Lakini usinielewe kwamba basi tusameheane tu. Hapa ndipo ninapotaka ufikiri kwa makini, kwa sababu nadhani watu wengi hawalioni. Zile 20 hazimfichi mgonjwa peke yake, zinaificha na shida ya sista mwenyewe. Metroni anapopita na mganga mfawidhi, wakikuta chati zimejaa kila baada ya saa mbili, wanaona nini? Wanaona wodi inayojitosheleza kwa muuguzi mmoja usiku. Chati zenye mapengo zingewaambia ukweli kwamba watu hawatoshi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wodi nayo ina maradhi yake. Kila anayejaza namba ya kubuni ili asionekane mzembe anasaini kwamba mwakani abaki peke yake vilevile.

Turudi kwenye nafasi ya saa nane. Hapo wewe ndiye uliyeombwa, kwa mkono wako na herufi za jina lako. Ujue tu uzito wake. Ukiandika 18 ambayo hukuipima, daktari anayetaka kujua dawa ilianza kuzidi saa ngapi atapotea njia, na likitokea la kutokea, anayeulizwa ni mwenye herufi zile. Lakini usidhani kwamba njia ni mbili tu, kudanganya au kumwaibisha sista. Uuguzi una namna yake ya kuandika kilichopita: unaandika tarehe na saa halisi unayoandika, kisha unasema "saa nane usiku upumuaji haukupimwa", unatia sahihi. Na kama kuna aliyekwisha kujaza kimakosa, namba inakatwa kwa mstari mmoja ili isomeke, inaandikwa sahihi pembeni, pamoja na jina na saa. Haifutwi, haipakwi rangi nyeupe. Kwa kuwa wewe ni mwanafunzi, maelezo ya namna hiyo huyaandiki peke yako. Ni ya kuandika mbele ya msimamizi.

Kuhusu nani wa kumwambia, nikutembeze kwenye milango iliyopo, na kila mmoja una kizingiti chake.

Mlango wa karibu ni sista mwenyewe. Najua ndio unaouogopa kuliko yote. Lakini jiulize: mtu aliyekuja mbio ulipomwita, akahesabu mwenyewe, akampigia daktari bila kubishana na mwanafunzi, akakwambia umefanya vizuri, je, ni mtu asiyeambilika? Asubuhi ile huenda aliongea kwa hofu. Amenusurika kuchoma sindano ambayo ingemlaza macho miaka mingi. Ukimkuta nje ya zamu, mkiwa wawili, ukamwambia, "Sista, shikamoo. Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu pumzi, na ndizo zilizotuokoa. Ile ya saa nane nimeshindwa kuiandika, naomba unielekeze namna ya kuandika kwamba haikupimwa," utakuwa hujamshtaki, umemwomba afundishe. Huenda akashusha pumzi. Huenda pia akakasirika, akakununia, na kitabu chako kikakaa mezani kwake muda mrefu bila sahihi. Nikikwambia hilo haliwezekani nitakuwa nakudanganya.

Mlango wa pili ni mkufunzi wako anayewafuatilia mazoezini. Huyu ana faida moja kubwa: kitabu cha mazoezi ni chake kukisimamia, na anaweza kupanga sahihi zitoke kwa msimamizi mwingine. Anajua pia kwamba mwanafunzi hana leseni na hatakiwi kuachiwa dawa kama ile bila mtu wa kumsimamia. Hatari yake ni kwamba neno likishatoka hujui litasafiri vipi. Mkufunzi mwenye busara atalichukua kama funzo la darasa zima bila kumtaja mtu. Asiye na busara atakwenda wodini na jina lako mdomoni. Wewe unamfahamu, mimi simfahamu. Unaweza kuanza kwa kumuuliza swali la jumla, "Mwanafunzi afanyeje akikuta vipimo havikufanyika?" ukaona anavyojibu kabla hujafungua mengine.

Mlango wa tatu ni metroni, au kamati ya ubora kama hospitali yenu inayo. Sehemu nyingine wana fomu ya kueleza tukio lililokaribia kuleta madhara bila kutaja nani kafanya. Ni njia nzuri kwa sababu inaongelea wodi, dozi na idadi ya watu. Lakini tuseme ukweli: wodi yenye sista mmoja na wanafunzi wawili usiku haina siri. Hata usipoandika jina, watahesabu vidole na kukufikia.

Upo na mlango mzito zaidi, Baraza la Uuguzi na Ukunga, lililo chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Lina mamlaka ya kumwajibisha mwenye leseni. Nimeutaja ili ujue upo, kwa sababu anaweza kutokea mtu wa kukusukuma huko kwa jazba. Ukiufikiria, fikiria pia kama ulichokiona kinahitaji kuanzia huko au kuna mahali pa karibu ambapo kingerekebishika.

Kunyamaza nako ni njia, na sitakugombeza ukiichagua kwa sasa. Mama yako hakukosea kuogopa. Ng'ombe aliyeuzwa harudi, na mtoto aliyefukuzwa chuoni ni msiba wa nyumba nzima. Ila mshauri wako wa chumbani anaposema utaitwa mnoko, mpime. Kuchongea ni kupeleka maneno ili mtu aumie. Wewe unatafuta namna mama wa kitanda cha dirishani wa mwezi ujao asikutwe na dozi akiwa goti limekufa. Tatizo la kunyamaza mpaka upate cheti ni kwamba utakapokipata utapangiwa usiku peke yako, kina mama thelathini, na mkono utakuwa umeshazoea kuandika 20. Wengi walioahidi watasema baadaye, baadaye ilipofika wakawa hawaoni tena kitu cha kusema.

Kuna mtu mmoja hukumtaja popote katika swali lako, naye ni mama mwenyewe. Je, aliambiwa kilichompata? Anajua kwamba dawa ilimzidi kidogo na kwamba figo zake ziliichelewesha? Akibeba mimba nyingine atakwenda kliniki, pengine wilaya nyingine kabisa, na mkunga atakayempokea atahitaji kujua kwamba alipata kifafa cha mimba na kwamba dozi ilibidi isitishwe. Huenda daktari ameliandika kwenye faili, lakini faili hukaa hospitali. Kadi ndiyo husafiri naye. Kuuliza kama kadi yake iliandikwa kunaweza kuwa mwanzo mwema wa mazungumzo na sista, kwa sababu hapo hakuna wa kulaumiwa, kuna mgonjwa wa kufikiriwa.

Na kwa kuwa utarudi wodini humo kabla hata hujaamua lolote, nina jambo dogo unaloweza kulipendekeza mwanzo wa zamu bila kugusa yaliyopita. Mwambie sista kwamba ninyi wanafunzi mngependa kubeba pumzi, magoti na mkojo wa kina mama wote walio kwenye magneziamu, na yeye ahakiki kabla ya kila dozi. Mara nyingi huwa ni wawili au watatu, siyo thelathini. Andikeni majina yao juu ya karatasi pamoja na saa ya dozi inayofuata, karatasi ibandikwe mezani. Atakayekuwa hajapimwa aachwe wazi, na asubuhi kwenye makabidhiano litajwe kwa sauti: fulani hakupimwa saa nane kwa sababu tulikuwa chumba cha kujifungulia. Sista akikubali hilo, utakuwa umejua mengi kuhusu mlango upi unaweza kufunguka. Akikataa, pia utakuwa umejua. Vyovyote iwavyo, niandikie.

Shangazi